Watoto Wanne Ndani ya Mabano

Kazi yangu ilikuwa kukusanya watu. Mradi wetu hapa Kigali ulikuwa na orodha ya waliohamishwa kutoka mteremko unaoporomoka wakati wa mvua, kila mtu na mstari wake kwenye jedwali. Nikaandika fanksheni, kipande kidogo cha programu, ndani ya hifadhidata. Iliokota mistari iliyotawanyika na kujenga kitu kimoja, familia: mzazi juu, watoto ndani ya mabano. Idadi ya vyumba ambavyo kila familia ingepewa kwenye nyumba mpya ilitokana na mabano hayo.

Mimi nililelewa Tanzania, ambako mtoto hubeba jina la baba. Basi nikaiambia fanksheni: wenye jina la mwisho linalofanana ni familia moja. Nikaijaribu kwa familia tatu za kubuni, zote za Kitanzania kama mimi, zikatoka safi. Lakini Rwanda mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja huweza kutofanana majina hata kidogo. Nililijua hilo! Binti yangu mwenyewe, aliyezaliwa hapa, habebi jina langu. Kuuliza si ujinga, ila nilijiona fundi.

Wiki mbili baada ya funguo za nyumba kugawiwa, alikuja mama muuza parachichi wa Gisimenti, mjane aliyekulia Burundi. Aliweka karatasi mezani.

"Patroni, hapa munaandika niko peke yangu. Batoto yangu ine iko wapi?"

Nikafungua. Mabano matupu.

"Kosa ni langu, mama. Nitalirekebisha leo."

"Na nyumba?"

Nikaifungua fanksheni. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja tu: badala ya jina, namba ya kitambulisho cha mzazi, ambayo ilikuwemo kwenye jedwali tangu mwanzo. Ila nyumba kubwa zilikuwa zimekwenda kwa wachache ambao majina yao yalifanana. Mkuu wangu akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nilimchukia, kisha nikakumbuka aliyeyamwaga.

Mama yule alihamia mtaa wa Batsinda, kwenye chumba kimoja alichopangiwa. Wasichana wake wawili wakubwa hawakuenea humo. Wakaacha shule, wakaenda mtaa wa Rebero kufanya kazi za ndani na kulala huko huko. Naye hakuwa wa mwisho kuja na karatasi mkononi.

Bado naifungua familia yake mara kwa mara. Kwenye hifadhidata iko kamili, watoto wanne kwa umri wao. Batsinda wanalala wawili.