Jambo Nililomficha Mama Kuhusu Vidonge

Nilirudi kutoka Uingereza na diploma ya ufamasia niliyoipata kwa kuosha sahani mchana na kusoma jioni, bila msaada wa mtu. Katika duka la dawa mjini Thika, miaka ile ya hamsini, mimi ndiye niliyekuwa Mwafrika pekee mwenye cheti cha namna hiyo, na sikumwacha mtu asahau.

Mama yangu, mjane, alichuma kahawa katika shamba la mzungu huko Ruiru. Hedhi yake ilikuwa imekoma, na joto likaanza kumpanda. Akiwa kazini uso ulikuwa ukimlowa jasho ghafla, akaweka kikapu chini na kujipepea kwa leso. Aliyeniambia ni tata, dada yake. Kwetu, mwana aliyetahiriwa hasemi na mama yake habari za mwili wa mwanamke. Tata ndiye huzipeleka na kuzirudisha. Mimi niliona hiyo ni desturi ya wasiosoma. Jumapili moja baada ya kanisa nikaendesha baiskeli hadi Ruiru na chupa mbili mfukoni.

"Maitu, hii ni homoni ya asili," nilimwambia mama, tata akiwa ameketi kando yake. "Hutolewa kwenye mkojo wa farasi jike mwenye mimba."

"Mkojo?"

"Husafishwa."

Mama akamgeukia dadake. "Mwanangu amevuka bahari aniletee mkojo wa farasi! Nikianza kupiga mateke, nifungeni kamba."

Walicheka mpaka tata akashika ubavu. Niliudhika. Nikainua chupa ya pili. "Hii imetengenezwa kiwandani. Kila kidonge sawa na mwenzake. Mimi ningechagua hii."

"Na ikiingia mwilini inafanya nini?" tata aliuliza.

"Inaondoa joto."

"Basi?"

"Tata, mambo haya nimeyasomea."

Nilijua zaidi ya hapo. Nilijua kwamba akimaliza chupa na kuacha vidonge kwa muda, damu ingeweza kurudi. Lakini kulitaja neno hilo mbele ya uso wa mama kulinishinda. Nami niliyejidai kuidharau desturi sikumwita tata pembeni nimwambie yeye.

Kwa wiki tatu mama alimeza vidonge vya kiwandani na kuchuma kahawa bila shida, nami nikajisifu katika mtaa wangu mzima wa Makongeni. Chupa ikaisha. Mvua ilipokaribia, wanawake waliokoma hedhi walikutana kubariki mbegu, kazi wasiyopewa wengine, na kwa mara ya kwanza mama alikuwa ameitwa kukaa kati yao. Ungo wa mbegu ulikuwa mapajani mwake alipohisi damu. Hakuweza kudanganya. Alirudisha ungo, akainuka, wote wakamtazama.

"Kumbe mjane wetu bado msichana!" mmoja alisema. "Tuambie basi, mchumba ni nani?"

Tata alikuja Thika kesho yake. Alisimama kando ya kaunta mpaka wateja wakaondoka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza, wewe na diploma yako."

Jumapili iliyofuata niliketi na tata nje ya nyumba, mama akiwa ndani akisikiliza. Nikasema yote niliyopaswa kusema mwanzo: kwamba dawa ya farasi na ya kiwandani zote zaweza kurudisha damu, kwamba akiacha, damu inapaswa kukoma, na isipokoma lazima aonwe na daktari, na kwamba joto huenda likarudi.

"Mwambie," mama alisema kutoka nyuma ya ukuta, kana kwamba simsikii, "joto nitalivumilia."

Tata aliingia, akanitolea chupa ya farasi ikiwa haijafunguliwa. Nilingoja nikidhani mama atatoka kunisindikiza.

"Nenda," tata alisema. "Anaona haya kukutazama."

Haya ile ilikuwa yangu, lakini ni yeye aliyejifungia nayo ndani.