Hodi Tatu za Bibi Bombay

Enzi zetu, sisi watoto wa Unguja tuliohamishiwa London baada ya mapinduzi, mtoto hakuulizwa likizo anataka kwenda wapi. Uliamshwa, ukaoshwa uso, ukavalishwa viatu vinavyobana, ukaambiwa twende. Watoto wa siku hizi hapa mtaani kwetu, Rayners Lane, ati, mpaka waoneshwe kwanza picha ya choo cha hoteli! Sie tulipelekwa Bombay, mie, baba na Bibi, mama yake baba, na nikafyata mdomo.

"Huko ndiko kwetu asili," baba alisema. Kwetu wapi, jamani? Bibi kazaliwa Mkunazini, Unguja mjini, na mamake kazaliwa Mkunazini. Bombay tukiijua kwa filamu tu. Lakini baba alikuwa na lake jambo. Nilimsikia jikoni akimnong'oneza mama kwamba baridi ya London inammaliza mzee, miguu imevimba, kwa hiyo atamwacha Bombay kwa binamu yake, akaote jua. Mie nikilala kitanda kimoja na Bibi tangu nijijue. Safari nzima sikuwa na wa kumwambia siri hiyo.

Na baba, loh, alivyotutembeza! Lango kubwa la mawe pale baharini tulilizunguka mpaka njiwa wakatuzoea. Tukaona wafua nguo wakizipiga shuka kwenye mawe kana kwamba zimewatukana. Tukaona wanaume wenye makopo ya chakula cha maofisini vichwani, wanakimbia, ole wako usimame njiani. Mabasi ya ghorofa mekundu, yaleyale. Tumetoka London kwenda kutazama mabasi ya London! Joto, moshi, harufu ya asmini na ya mtaro kwa pamoja, na baba anapangusa jasho, "Tazameni! Tazameni!" Tumetazama, baba, tumechoka. Ufukweni akatununulia bhel puri, bisi za mchele na chatne ya ukwaju ndani ya karatasi. Bibi akaonja, akatafuta mchuzi, akanigeukia.

"Huu urojo mbona mkavu?"

Baba akakasirika, akatunyang'anya karatasi zetu, akala yeye.

Basi siku ya kwenda kwa binamu ikafika. Jumba kuukuu, ngazi za mbao, kila familia imeacha mlango wazi. Binamu naye mlango wake wazi, kakaa ndani na mkewe, wamevaa vizuri, chai iko mezani, wanatutazama. Bibi akasimama kizingitini.

"Hodi!"

Kimya. Wanatabasamu.

"Hodi!"

Kimya. Ya tatu aliivuta mpaka jirani wa juu akachungulia, na hakuna aliyesema karibu. Kwao, ndugu hakaribishwi, ndugu anaingia tu. Akingoja mlangoni anawafanya wenyeji kuwa watu baki. Hayo tuliyajua baadaye. Kwetu, ukipiga hodi tatu bila jibu unageuka, hata kama mwenye nyumba unamwona anatafuna.

Bibi akageuka. Akashika ukuta, na miguu yake ile iliyovimba, akaanza kushuka.

"Mama! Mlango uko wazi!" baba akapiga kelele.

"Nimeuona. Sikuitikiwa. Na wewe uliyetaka kuniacha humu, ingia ukae wewe!"

Kumbe alijua siku zote! Baba akabaki katikati ya ngazi. Juu, binamu anafoka kwa Kigujarati, mkewe analia kwamba wamedharauliwa. Aibu iliyoje! Nilimwona baba akitazama juu, akitazama chini. Halafu akamfuata mama yake. Kesho yake alirudi peke yake kuwaomba radhi, wala hawakumpa hata maji. Tukarudi London sote watatu, na Bibi akaishi nasi miaka na miaka, soksi juu ya soksi, akiisema baridi kila asubuhi mpaka baba akawa anaondoka bila kunywa chai.

Sasa mie ndiye mwenye miguu ya kuvimba. Juzi binti yangu kanionesha kwenye simu nyumba ya wazee, kule Stanmore. Bustani safi, chapati kila siku, wauguzi wanajua Kigujarati. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba nitapapenda. Kiswahili anakisikia ila hajibu kwacho. Nikamwambia mie sendi. Akasema basi, nifikirie, halafu akarudi kwenye simu yake. Ni mtoto mwema, anafanya kazi kutwa, simtii makosani. Lakini inaniudhi, wallahi inaniudhi. Enzi zetu mzee akikataa alishuka ngazi tu, na mwanawe, na aibu yake yote, akashuka nyuma yake. Mie leo nikishuka ngazi za nyumba hii, binti yangu atadhani nakwenda kumwekea chai.