Darasa zima lilinakili mfano wa ubaoni, mpaka jibu la siri

Wakuu, salamu kutoka Suji, huku ukungu unaingia ndani bila hodi.

Haya yametokea kweli. Kutunga siwezi, mwalimu wangu wa Kiswahili ni shahidi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Same mjini nashuka kwa dharura tu, na dharura yenyewe iniandikie barua kwanza.

Sasa mtoto wa dada yangu, Nakijwa, alipopata matokeo ya form four alipanda kutoka kijijini kwao Kisiwani kuja kunisalimia. Biolojia B, kemia na fizikia C. Anataka uuguzi tangu alipokuwa akiwafunga mbuzi wa baba yake bandeji.

Nikamuuliza kwenye Selform alijaza nini (ile fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, kwa waliosahau).

"HGL, mjomba."

Historia, jiografia na Kiingereza. Mgonjwa atatibiwa kwa ramani?

"Mwalimu aliandika ubaoni."

"Kama mfano?"

"Sijui. Alisema jazeni, tukajaza."

Nilitaka kumcheka, nikajikumbuka. Enzi zangu na mimi nilinakili ubao, nikapangiwa chuo cha uvuvi. Mpare wa milimani, samaki namjua akiwa kwenye sufuria! Sikwenda. Mwenzangu wa dawati moja alinakili mpaka jina la mfano.

Lakini wakuu, miaka minne mtoto anasifiwa kwa kunakili ubao bila kukosea. Siku moja ubao unageuka kuwa mfano, na hakuna anayemwambia.

Mwalimu mwenyewe simlaumu. Alikuwa peke yake kwa mikondo mitatu, na fomu zilifika mchana zikatakiwa jioni.

Tatizo, dirisha la kubadilisha machaguo lilikuwa linafungwa kesho yake. Nikavaa viatu.

Asubuhi tuko steshenari Same. Dada wa kompyuta akaniangalia mvi.

"Mzee, na wewe unarudi shule?"

"Nafuatilia uvuvi," nikamjibu.

Mfumo ukadai jibu la swali la siri: mji unaoupenda.

Nakijwa akaandika Same. Ukakataa. Akaandika Kisiwani. Ukakataa.

"Bado mara moja," dada akasema. "Ikigoma, unafungiwa."

Tukampigia mwalimu, hapatikani. Mtoto machozi yanamlenga, anajifanya anasoma tangazo la lamination.

Nikamuuliza, "Hivi mwalimu wenu kwao wapi?"

"Morogoro."

"Umewahi kufika?"

"Mimi mwisho wangu Mwanga."

"Andika Morogoro."

Ukafunguka!

Darasa zima lina siri moja, nayo ni mwalimu kukumbuka kwao. Nilicheka, halafu nikamhurumia.

Nakijwa akabadilisha, PCB (fizikia, kemia na biolojia) na vyuo vya uuguzi. Kisha akakaa kwenye benchi akawapigia wenzake mmoja mmoja: "Wewe, andika Morogoro. Usiulize, andika."

Akakosekana Mariamu tu, wa Kwakoa. Yuko machungani na mifugo, network hakuna.

"Mjomba, namba yake ya mtihani ninayo. Tumjazie na yeye PCB?"

"Kwani anataka kuwa nani?"

Miaka minne wamekaa dawati moja.

"Sijawahi kumuuliza," akasema.

Hatukujaza. Tungekuwa ubao mwingine.

Majina yametoka. Nakijwa kapata PCB. Mariamu kapangiwa HGL. Inawezekana ndiyo aliyoitaka, inawezekana siyo. Jumamosi nashuka na Nakijwa mpaka Kwakoa tukamuulize, na kama siyo, tuone ofisi gani bado inasikiliza. Mimi huyu, ambaye hata sokoni naagiza mtu.

Nilichojifunza: mwenye mtoto form four, kabla hajajaza chochote, muulize anataka nini. Halafu omba uione fomu.

Haya, na ninyi semeni. Ubao wenu uliwapeleka wapi? Kama kuna aliyekwenda kwenye ule uvuvi wangu, anisimulie samaki wanavuliwaje.