Kitambaa Changu Ofisini kwa Mtendaji

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mjukuu wangu wa kike ni mtendaji wa kijiji, huko njia ya Idodi. Ana muhuri, ana bendera nje. Alipopewa kazi nilikaa hapa Mbalizi miezi miwili nikidarizi kitambaa cha ukutani: andiko la Bwana kwa uzi mwekundu, maua pembeni. Nilipanda basi mpaka Iringa, nikalala Kihesa kwa mwanangu, kesho yake nikafika. Msumari niliupigilia mwenyewe, juu ya kiti chake. Alitabasamu, akasema asante mke mwenza, maana ndivyo tunavyotaniana.

Kila siku nilikaa benchi la ofisini niwaone watu wakikisoma. Siku ya tatu wakaja wawili, wanagombania maji ya mfereji wa mpunga. Mmoja mzee wa kanisa. Akaketi, akanyoosha miguu. Mwingine mfanyabiashara, Mwislamu, kofia yake nyeupe pe. Huyu alisoma ukuta kwanza. Kisha akakaa ncha ya benchi, nusu tako.

Mjukuu alifungua daftari la zamu za maji. Lilisema wazi: mwenye kofia alifungulia maji siku ya mwenzake. Akamwambia kosa ni lake. Yule baba hakubisha.

"Nilijua tangu naingia," alisema. "Ukuta ulishasema."

Akatoka bila kutia sahihi. Mjukuu wangu akabaki na kalamu mkononi.

Niliinuka benchini. Nikamfuata yule baba hadi kwenye bendera, nikamwambia kitambaa ni changu, mtoto hana hatia, daftari halisemi uongo. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama, ungeingia wewe, ukakuta juu ya kile kiti maandishi ya Kiarabu, halafu ukashindwa. Ungelala usingizi?"

Mimi sikosi jibu. Hata marehemu mume wangu alilijua hilo. Siku ile nilijibu kwa miguu.

Nilirudi ndani, nikapanda kiti cha serikali na kandambili zangu, nikaanza kufungua kitambaa. Mjukuu akaja kunishika miguu.

"Bibi, utaanguka."

"Nianguke. Kwa nini hukunikataza?"

"Ningeanzaje? Umetoka nacho Mbalizi."

Hilo lilinichoma kuliko la yule baba. Anaweza kumwambia mwanamume mzima kosa ni lako, ila mimi ameniogopa.

Aliwaita tena wote wawili baada ya siku mbili. Hizo siku mbili sikukaa. Nilifagia uwanja uliokwishafagiwa, nikachambua mchele usio na mawe. Walipoingia sikuthubutu kukaa benchi. Nilizunguka nje, dirisha hadi dirisha. Mjukuu alisoma daftari upya, hukumu ileile. Mwenye kofia akaomba alione mwenyewe. Akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, mpaka nikataka kuingia nimsomee. Akatia sahihi. Akanipita mlangoni, akanisalimia kama mtu yeyote.

Kitambaa sasa kiko sebuleni kwangu. Majirani wanakisifu, nami napokea sifa, maana kazi ni nzuri. Sijawaambia kilipotoka. Lakini siku hizi mgeni akiingia, kabla sijamkaribisha chai, naangalia kwanza anakaa wapi: katikati ya kiti, au nusu tako.