Khamis Hakutaka Daraja la Chini

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo hainitoki akilini. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni, nasi tumekaa mkekani katika ukumbi wa nyumba yetu ya Bagamoyo, tukicheza mchezo ambao mji mzima hakuna aliyeujua ila sisi. Aliuleta Seif, mtoto wa ami yangu, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya akisubiri kupangiwa kazi. Haukuwa bao wala karata. Seif alikuwa akisimulia nchi ya kubuni, yenye mapango na majoka, na kila mmoja wetu alikuwa shujaa ndani ya hadithi. Ukisema, "Naingia pangoni," unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua kama utatoka salama. Shujaa huanzia daraja la kwanza, mnyonge, ana fimbo na mkate wa safarini basi. Akiokoka hupanda daraja, mpaka siku moja aweze kuruka angani na kuketi na wafalme.

Wachezaji tulikuwa watatu: mimi, kaka yangu Nassor, na Khamis jirani yetu. Mimi na Nassor tulikuwa wanafunzi, baba yetu akiuza vitambaa. Khamis alikuwa rika la Nassor, lakini baba yake alipofariki aliacha shule akaenda kubeba magunia kwenye mashamba ya chumvi, ili mama yake na wadogo zake wapate kula. Alikuja siku za Ijumaa tu, viganja vimechubuka, akishika dadu kwa ncha za vidole.

Sisi tuliupenda unyonge ule, sikufichi. Kugawana vipande vya mkate, kuzima taa ili mafuta yasiishe, kumkimbia panya buku gizani. Hofu ile ndiyo iliyokuwa raha yetu. Ijumaa hiyo mkate wa shujaa wa Khamis uliisha njiani, na Seif akamwambia arushe dadu aone kama njaa itamwangusha. Khamis hakurusha.

"Kaka Seif," alisema taratibu, "mimi nataka shujaa wangu awe wa daraja la juu. Leo hii."

Nassor akacheka. "Haba na haba hujaza kibaba, bwana. Ukianzia juu utamu uko wapi? Huo mchezo wa watoto."

"Njaa naijua," Khamis alijibu. "Nimeiacha nyumbani asubuhi. Sioni kwa nini niikute tena hapa."

Akaiweka dadu mkekani, akatuaga, akaondoka. Hakugomba. Lau angegomba, ingekuwa nafuu.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Nassor akasema Khamis ana kiburi. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa pembeni akichagua mchele. Mchezo wenyewe hakuuelewa hata chembe, aliuita "mambo yenu ya majoka", lakini siku ile aliweka ungo chini.

"Nassor, mjukuu wangu," alisema, "wewe ukila ukashiba, kesho ukafunga sunna, hiyo ni ibada, na futari utaiona tamu. Asiyekula tangu jana, naye utamsifia njaa?"

Kisha akatugeukia sote.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyinyi mnakwenda kutembea kwenye shida, kisha mnarudi kula. Yule mtoto wa watu ndiko anakokaa. Akitaka kuruka japo alasiri moja, kwani anaruka kwa mabawa yenu?"

Basi Nassor akaenda mwenyewe kwa kina Khamis. Waliyozungumza sikuyasikia, lakini walirudi pamoja. Seif akampa Khamis shujaa wa daraja la juu kabisa, mwenye mabawa na upanga wa moto. Khamis alimaliza joka kwa kurusha dadu mara moja tu, akatawanya jeshi, akapaa juu ya bahari. Tangu baba yake azikwe sikuwa nimemwona akicheka vile.

Nilidhani atachoka upesi. Lakini Seif naye alikuwa fundi. Joka lilipokwisha kufa, watu wa vijiji viwili wakaja mbele ya shujaa yule, kisima ni kimoja, maji hayawatoshi. Upanga haukati maji. Khamis akatuuliza mimi na Nassor tungeamuaje, tukabishana mpaka adhana ya magharibi. Nikaona kumbe juu nako kuna uzito wake. Chini unajiuliza kama utaishi. Juu unajiuliza utawafanyia nini wenzako. Haukuwa mchezo wa watoto, kama alivyodai Nassor.

Tukaendelea hivyo, Ijumaa hii chini, Ijumaa ile juu, na siku za chini Khamis alitutazama tu huku akila kashata. Baadaye mjomba wake wa Mlingotini alimchukua akamfundisha useremala. Magunia ya chumvi yakaisha, nyumbani kwao sufuria ikawa inapanda jikoni kila siku. Alasiri moja akaja, akamwamkia Bibi, akaketi, akasema kama jambo dogo:

"Kaka Seif, leo nipe shujaa wa daraja la kwanza. Nataka niione hiyo hofu mnayoisifu."

Nassor alimsogezea dadu, akampisha mahali pake penye upepo.

Mwanangu, nawasikia nanyi mkibishana katika michezo yenu, huyu anapenda kuanza mnyonge, yule anataka nguvu zote mara moja. Bishaneni, si vibaya. Ila kabla hujamcheka mwenzio kwa anachokipenda, jiulize siku hiyo ametoka wapi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, mpaka akubali kufundishwa. Ukiwa chini usione haya kutamani juu, na ukipandishwa juu ujue umepewa kazi. Na mwenzio akiondoka kimya, mfuate kabla nyasi hazijaota njiani.

Mola akujaalie shibe ya halali, akupe wenzako wema wa kuketi nao, na akulainishie moyo umwachie kila mtu furaha yake. Amina.