Siku Tuliyochagua Ekzosi Gombani

Mume wangu alikuwa na pikapu kuukuu ya Kijapani. Kila asubuhi tulitoka nayo Jadida, pale Wete, tukashika njia ya Chake. Mimi nilishuka skuli, nilikokuwa nasomesha darasa la tatu, na yeye akenda sokoni kutafuta mizigo ya watu. Watoto wetu saba walikuwa washahama wote, nyumba imebaki na sisi wawili na paka. Basi ndani ya ile gari ndimo nilimokuwa naishi hasa. Njia nzima mimi nasema, yeye anacheka. Nitamsema mwalimu mkuu, nitawasema majirani, halafu nitamgeukia yeye mwenyewe: kofia yake, tumbo lake, mwendo wake wa kuteremka vilima utadhani kapakia mayai. Wala haudhiki. Nilikuwa nikishukuru Mungu, maana wako wanawake ambao waume zao hawataki hata kuwaona wakifungua mdomo. Wangu mimi ananisikiliza mpaka Chake.

Mwaka ule ekzosi ikaoza. Kutu ya kisiwani haina huruma. Lile bomba la moshi lilitoboka, likakatika, kipande tukakiacha njiani. Gari ikawa inanguruma hata kuku wanaingia chini ya vitanda vya watu. Mimi nafika skuli sauti imenikauka kwa kushindana nayo. Siku moja nikasema yatosha, tukatafute ekzosi nyengine, na iwe ya kimya. Nataka kuzungumza na mume wangu. Sikutaka kitu chengine duniani.

Yeye hakutaka kimya. Mzee wa miaka sitini, ndevu nyeupe pe, akaanza kunihadithia mabomba mapana wanayofunga vijana. "Gari isiyokuwa na sauti si gari," akanambia.

"Ujana ni moshi, bwana, ukenda haurudi," nikamjibu. "Hata uutafutie bomba pana namna gani."

Akacheka, kama kawaida yake.

Jumamosi tukenda kwa fundi mmoja Gombani, karibu na uwanja wa mpira. Fundi huyo nilimsomesha mimi, nikamfundisha kuandika a-e-i-o-u, na sasa alikuwa na kitambi na wake wawili. Akatandika gunia chini, akaweka ekzosi tatu. Ya kwanza ilitoka Dubai, mdomo mpana, inang'ara hata ungeweza kujitazama ukafunga ushungi. Ya pili aliiunga mwenyewe kwa bomba la maji na vipande vya bati, alama za kuchomea zimeizunguka. Ya tatu ilikuwa mtumba, imetolewa kwenye gari kama yetu iliyokatwakatwa, ina tumbo nene la kumeza sauti. Na kwa fundi yule hununui ekzosi mpaka uisikie. Anaifunga kwa waya, anawasha gari, kila aliyekuwepo anatoa maoni yake, hata aliyekuja kunywa kahawa tu.

Alianza na ile ya Dubai. Ilipowaka, wanywa kahawa wote waligeuka. Uso wa mume wangu ulikunjuka, sijauona vile tangu harusi ya binti yetu wa mwisho. "Hii ndiyo," akasema.

"Tukipita nayo Wete watadhani harusi inakuja, wakichungulia ndani wanikute mimi," nikasema. Watu wakacheka sana.

Ya pili, hata mimi sikuitaka, ilikohoa. Fundi akafunga ule mtumba, akawasha gari, akarudi kusimama kando yangu. Ikanguruma kidogo, ikatulia. Wallahi niliwasikia watoto wakipiga mpira kule uwanjani. "Funga hii hii," nikamwambia fundi. "Usinitafutie nyengine."

Mume wangu akapanda, akakaa kwenye usukani, akatega sikio kidogo, akazungusha ufunguo. Na gari ilikuwa bado inawaka. Stata ililia, chuma juu ya chuma, mpaka watu wakakunja nyuso. Akazungusha tena. "Mzee, inawaka hiyo!" fundi akapaza sauti. Yeye akatazama nyuso zetu kwanza, moja baada ya moja, kisha ndiyo akatoa mkono kwenye ufunguo na kucheka. "Mzee kashasahau," mmoja akasema, wakacheka wote. Mimi ndiye niliyeanza.

Halafu nikakumbuka alivyotutazama nyuso kabla hajacheka. Nikapanda kwenye kiti changu, kushoto kwake, nikafunga mlango. Nikatazama mbele kama ninavyotazama njiani, nikasema kwa sauti yangu ya kila siku:

"Bwana, nimeposwa na muuza pweza, nimekubali. Ijumaa nahama."

Akatikisa kichwa, akatabasamu. "Inshaallah," akasema.

Nisiseme uongo, kwanza nilikasirika. Maneno yangu yote yale! Kisha nikaona macho yananiwasha. Nikamgusa goti, akageuka, akautazama mdomo wangu.

"Tangu lini?"

"Sikio hili, tangu msimu wa karafuu wa mwaka juzi. Na hili la pili linalifuata." Akanambia gia anazibadilisha kwa kusikia injini, na kwa ekzosi ile ya kimya asingejua kama gari ina uhai au imekufa.

"Ndiyo usinambie? Mficha uchi hazai."

"Sisi tushazaa saba," akasema.

Nikashuka. Fundi alikuwa ameshika spana, ananingoja. "Mwalimu, nikaze hii ya kimya?" Wanywa kahawa wote wananitazama, na kwetu mke hamvui mumewe nguo mbele ya watu.

"Toa hiyo," nikasema. "Nifungie ile ya Dubai. Mimi ndiye niipendaye, mzee alikuwa ananitetea tu."

Walicheka mpaka kikombe kimoja kikamwagika. Jumatatu yake Jadida nzima ilikuwa na habari kwamba mwalimu anautafuta usichana kwa bomba la moshi, na darasani nikigeukia ubao nasikia wanafunzi wananguruma. Sikumkanya hata mmoja.

Lakini siku ile ile, tulipokuwa tunarudi, nilimwashiria asimamishe gari. Akaegesha chini ya mikarafuu, akazima. Nikamgeuzia uso, nikafungua mdomo wazi kama nafundisha herufi.

"Ulikuwa ukicheka nini, miaka miwili?"

"Nilikuwa nacheka ukicheka."

"Na kwa nini hukusema?"

Akavua kofia, akaiweka gotini. "Nilichelea," akasema. "Ukijua sisikii, utanyamaza."

Nikaichukua ile kofia, nikamvisha tena, nikamsogelea uso kwa uso. Na yeye akawa anangoja, anautazama mdomo wangu.