Mnunuzi Alikuwa Mmoja

Kaka yangu hauzi mtamba. Ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwake yeye, hapelekwi mnadani hata kama nyumbani wanalalia uji, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba hisa nazo ziko hivyo hivyo. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza kwa nini kampuni ndogo inayotafuta mafuta na gesi inaweza kukaa miaka bila kutoa kitu, na bado watu wakang'ang'ania hisa zake. Nikamwambia, kaka, hebu fikiria mtamba. Bado hajazaa. Siku kisima kikitoa gesi, ndiyo siku amezaa. Alielewa papo hapo. Nikajipongeza moyoni, maana nimefundisha hisabati shule za msingi hapa Bariadi mpaka nimestaafu, na wanaoelewa mara moja huwa ni wachache.

Kiinua mgongo changu kilipotoka nilinunua kiwanja, nikaanza msingi wa nyumba, na kilichobaki nikakiweka kwenye hisa za kampuni hiyo, ambayo habari zake nilizisikia redioni. Kaka, anayelima pamba na kufuga kule Migato, akauza ng'ombe watano naye akanunua. Nilimuunganisha na dalali wangu wa hisa aliyeko Dar es Salaam, mtu mpole ambaye mpaka leo sijawahi kumwona uso. Ni sauti tu ya kwenye simu.

Mwaka wa kwanza bei ilipanda, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mimi nilitaka tuuze nusu. Nikaenda Migato na karatasi yangu ya hesabu, nikakaa na yeye na mke wake, wifi yangu, nikawaonyesha kwamba tukiuza nusu mtaji wote umerudi, na kinachobaki ni faida tupu. Kaka akaitazama karatasi kwa heshima zote, akanirudishia.

"Mwalimu," akasema. Huwa ananiita hivyo, ingawa yeye ndiye mkubwa. "Mtamba anauzwaje nusu?"

"Hisa hazina miguu wala tumbo, kaka. Zinagawanyika."

"Si wewe uliyesema ni mtamba?"

"Nilisema kwa mfano tu, jamani!"

"Basi mfano wako nimeushika kuliko wewe mwenyewe."

Wifi alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mimi nilinuna. Hakuna kinachoniudhi kama mtu kunishinda kwa somo langu mwenyewe, na nilirudi mjini nikiwa nimevimba, bila kuuza hata moja.

Kisha bei ikaanza kushuka. Ilishuka polepole, miezi na miezi, na sisi tukabadilishana viti: sasa yeye ndiye aliyekuwa anauliza kama tutoke, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia asubiri. Kuuza kwa hasara niliona ni kukiri kwamba nimekosea, na mimi kukiri ni kazi ngumu, wanaonijua wanajua. Siku moja nikamwambia maneno ambayo natamani ulimi ungenikatika kabla hayajatoka. Nilimkumbusha ule ukame ng'ombe walipobaki mifupa, watu wakawa wanawauza kwa bei ya mbuzi, na waliokuwa na moyo wakanunua wale waliokonda wakangoja mvua. "Bei ikilala chini," nikasema, "mwenye moyo ndiyo kwanza ananunua." Kaka alitikisa kichwa kukubali.

Siku hiyo hiyo tulikubaliana mbele ya wifi kwamba hakuna atakayeuza bila kumwambia mwenzake. Hatukuandikishana. Tumezaliwa tumbo moja, tuandikishane nini?

Ripoti ya kampuni ilinifikia kwenye simu siku ya Ijumaa. Nikaenda kuichapisha stesheneri, nikarudi chumbani kwangu nilipokuwa nimepanga, nikakaa nayo na kamusi. Kurasa zilikuwa nyingi na picha zilikuwa nzuri, wazungu na kofia ngumu wakicheka. Mbele huko, mahali pasipokuwa na picha, kulikuwa na sentensi moja ya wakaguzi: kampuni isipopata fedha mpya, kuna shaka kubwa kama itaweza kuendelea. Nikaisoma mara tatu. Nikanywa maji. Nikaisoma tena.

Niseme ukweli wangu hapa, maana sijausema popote. Sikufikiria kwanza kumpigia kaka. Nilifikiria kwanza kwamba hisa hizi hazina wanunuzi, wiki nzima inaweza kupita isiuzwe hata moja. Tukitoka wawili kwa pamoja, nani atatununua? Yeye alikuwa nazo nyingi kuliko mimi. Akitangulia, mimi nimebaki. Nyumba yangu ilikuwa imefika kwenye lenta, nilikuwa nimechoka kulipa kodi ya chumba cha watu katika umri huu, na niliogopa ndugu yangu asije akaniwahi. Ni hivyo tu. Nimejaribu kulipamba kwa maneno mengine nikashindwa.

Jumapili yeye ndiye aliyepiga.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, kaka."

"Naona ile bei imelala kabisa. Bado tupo?"

Ripoti ilikuwa mapajani mwangu. Kutamka "hapana" ni pumzi moja tu, haimalizi hata salio.

"Tupo, kaka," nikasema.

"Basi vizuri. Nilitaka nisikie kwako."

Hakueleza kwa nini alitaka kusikia kwangu, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilichotaka ni simu ikatike.

Jumatatu nikampigia dalali. Nikamwambia auze zangu zote, hisa elfu sita. Akasema hakuna mnunuzi, ila ataziweka sokoni tungoje. Wiki ile sikula vizuri. Mpaka Alhamisi mchana ndipo alipopiga.

"Mwalimu, kuna mnunuzi ameingia leo. Anataka elfu sita."

"Mmoja tu?"

"Ni huyo huyo tu."

"Ni nani?"

Akacheka. "Mwalimu, huku si mnadani. Siruhusiwi kukwambia."

Mnadani kwetu muuzaji anamkabidhi mnunuzi kamba mkononi, wanatazamana, na kila mmoja anajua mwenzake ni wa kijiji gani na mtoto wa nani. Huku sikumwona mtu. Nakumbuka hata nilimwonea huruma kidogo. Nilimfikiria kuwa ni tajiri fulani wa mjini mwenye hela za kuchezea. "Uza," nikasema. "Uza zote kabla hajabadili mawazo." Hela ilipoingia nikaenda moja kwa moja kununua mabati.

Wiki haikuisha kaka akaja Bariadi kwa bodaboda, amevaa shati lake la kanisani, na jogoo mikononi. Alikuwa anang'aa. Akanipa jogoo, akanipa na simu, akaniomba nimsomee ujumbe wa dalali, maana ulikuwa wa Kiingereza. Nikasoma. Amenunua hisa elfu sita. Bei ilikuwa ile ile. Siku ilikuwa ile ile, Alhamisi.

"Nimeuza maksai wangu wa plau, wote wanne," akasema. "Baada ya wewe kuniambia tupo, kesho yake tu niliwatoa zizini. Nimefanya kama ulivyosema: bei imelala, watu wameogopa, mimi nikaingia. Na kuna mjinga mmoja huko, sijui ametishwa na nini, kaniachia zote kwa mkupuo!"

Akacheka hadi akajishika tumbo. Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka naye, nimeishika ile simu. Kisha akayaona mabati yaliyolazwa nje, akanipongeza, akauliza nimepata wapi nguvu. Nikasema kikundi chetu cha akina mama. Akasema Mungu azidi kutubariki wote.

Kabla ya mvua za kwanza kampuni ikatangaza kwamba kisima kile walichokuwa wakikichimba ni kikavu. Nilimpigia dalali kumuulizia kaka, nikijifanya nauliza kwa ajili yetu sote. "Bei ipo, Mwalimu," akaniambia. "Mnunuzi ndiye hayupo." Na hajaonekana tangu siku hiyo.

Mvua zilipoanza nilikusanya kilichobaki cha hela ya hisa zangu, nikaongeza pensheni ya miezi miwili, nikapata hela ya kununua madume mawili machanga. Nikapanda gari la Migato. Toka Bariadi mpaka tunapita Lagangabilili nilikuwa nayapanga maneno, yote, mwanzo hadi mwisho: ripoti, simu ya Jumapili, elfu sita. Niliapa siku hiyo silali bila kuyasema.

Niliwakuta shambani. Lile shamba la pamba ambalo huwa linamalizwa kwa plau kwa siku chache, walikuwa wanalilima kwa jembe la mkono, yeye na wifi, wameinama, na hawakuwa wamefika hata robo. Wifi alinyooka kwa kushika kiuno.

"Karibu, wifi," akasema. "Maksai wa mwaka huu ndio sisi."

Hakuwa anatania. Nilimpa kaka bahasha. Akaifungua, akanitazama.

"Umeitoa wapi?"

"Nimeuza hisa zangu, kaka," nikasema. Hilo lilikuwa neno la kwanza kati ya yale niliyoyapanga, na lilikuwa la kweli. Nikavuta pumzi ili niseme la pili.

Hakuningoja. Uso ulimbadilika. "Umeuza sasa hivi? Kwa bei hii ya kutupa? Kwa ajili yangu?" Akamgeukia mke wake. "Umesikia? Mwalimu kauza zake kwa hasara, atununulie ng'ombe sisi!" Akanisukumia bahasha kifuani, akasema hawezi kuila hasara ya mdogo wake, akageuka akatazama upande wa pili.

"Kaka, nisikilize," nikasema. Nilisema hivyo, nakumbuka.

Lakini wifi alikuwa ameshalitupa jembe. Alinifuata pale kwenye matuta, akapiga magoti chini kwenye tope, kama mwanamke wa kwetu anavyomshukuru mtu aliyemwokoa, akanishika mikono yote miwili na kuiweka kwenye paji la uso wake. Mikono yake ilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Alikuwa analia na kunishukuru kwa Kisukuma, ananitajia wazazi wangu waliolala, anawashukuru kwa kunizaa. Nikamwambia ainuke. Hakuinuka.

Nilisimama pale nikaipokea ile shukrani mpaka alipoimaliza. Kisha nikasema, "Usijali, wifi. Sisi ni ndugu."